Swichi Isiyowasha Taa

Ndugu msomaji, ukisikia neno swichi, bila shaka wafikiri habari ya kile kidude cha ukutani cha kuwashia taa. Hata mimi nilikuwa hivyo. Lakini ipo swichi nyingine, nayo siku hizi utaiona katika ofisi za shule, katika zahanati, katika benki, na hata katika maduka makubwa ya mjini. Ni kisanduku bapa cha chuma au cha plastiki, chenye safu ya matundu, na kila tundu lina kitaa chake kidogo kinachopepesa mchana kutwa. Nyaya nyingi zaingia humo. Kisanduku hicho hakiwashi taa ya mtu yeyote. Kazi yake ni kuunganisha kompyuta zipate kupelekeana habari.

Kwa nini nawasumbua na mambo haya? Kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wetu wayafundishwa shuleni, nao wakirudi nyumbani na kutuuliza, twabaki kukodoa macho. Pili, sisi wazazi ndio tunaoombwa michango ya kununulia vyombo hivi, na mara nyingi twanunua kitu ambacho hatujui hata jina lake. Huku kwetu jambo hilo limetugharimu fedha. Tena, niseme kweli, kosa la kwanza lilikuwa langu mimi.

Shule ya sekondari ya hapa kwetu ina chumba kimoja cha kompyuta. Ziko 5, na printa moja. Mimi si mwalimu wa shule ile, ingawa chuo cha ualimu nilipitia. Mimi ni karani, na barua na hesabu za kamati ya shule naziandika mimi. Kwa hiyo ufunguo wa chumba kile ninao. Jumamosi moja niliingia kufagia na kupanga meza. Kompyuta moja ilikuwa imepelekwa mjini kutengenezwa, na waya wake ulibaki ukining'inia: ncha moja imo ndani ya swichi, ncha ya pili i chini sakafuni. Sikupenda kuuona ukiburuzika kama mkia. Swichi yetu ilikuwa na matundu 8, na moja lilikuwa tupu. Nikaichukua ile ncha ya pili nikaichomeka humo, nikafunga mlango, nikaenda zangu nyumbani nimeridhika na usafi wangu.

Jumatatu hapakuwa na kompyuta iliyoweza kuzungumza na mwenzake. Printa haikuchapa. Intaneti ilikatika. Na wiki hiyo ndiyo ilikuwa ya kutuma majina ya watoto wa mtihani. Mwalimu mkuu alipanda pikipiki na karatasi zake mfukoni mpaka mjini, akayatuma kutoka ofisi ya watu, mvua ikimnyeshea kwenda na kurudi. Fundi aliitwa, akafika Jumatano. Alitazama vitaa, akatikisa kichwa, akasema, "Limekufa hili. Limeungua ndani." Akang'oa nyaya zote, akaweka swichi mpya aliyokuja nayo, akachomeka zile nyaya 6 tu zilizokuwa na chombo upande wa pili, na ule wa kompyuta isiyokuwapo akauviringa akautia kabatini. Kazi ikaendelea vizuri. Tukamlipa bei ya kisanduku, nauli, na ujira wa siku nzima. Fedha hizo zilikuwa zimechangwa na wazazi kwa ajili ya madawati.

Likizo ilipofika, binti wa dada yangu alikuja kutusalimu. Yeye asoma ufundi wa kompyuta chuoni. Nikampeleka shuleni nikamwonyesha ile maiti yetu kabatini. Akaiunganisha na umeme, akachomeka kompyuta mbili, zikasemezana mara moja.

"Mjomba," akaniuliza kwa adabu, "kabla halijaharibika, ni nani aliyegusa nyaya mara ya mwisho?"

Hapo nilianza kutokwa jasho. Nilipomwambia, hakucheka. Alitoa ule waya kabatini, akachomeka ncha moja katika tundu la 3 na ncha ya pili katika tundu la 8 la swichi ile ile. Baada ya kitambo kidogo vitaa vyote vikaanza kupepesa pamoja, upesi upesi, mpaka ukaona kama vinawaka tu bila kuzima. Kompyuta zikanyamaza. Akauchomoa waya, zikapona. Akauchomeka tena; zikanyamaza tena.

"Halikufa, Mjomba," akasema. "Lilikuwa linapiga kelele lenyewe kwa lenyewe."

Basi ili nawe uelewe kelele hiyo ni nini, yafaa tuanze mbali kidogo.

Mwaka 1973, katika maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, huko California, Marekani, kijana mmoja aitwaye Robert Metcalfe na mwenzake David Boggs walitafuta njia ya kuunganisha kompyuta nyingi za jengo moja. Metcalfe alikuwa amesoma habari za visiwa vya Hawaii. Huko, tangu mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu walikuwa wamefanya kompyuta zipelekeane habari kwa redio. Redio ina taabu yake: wawili wakisema pamoja, maneno yao yagongana na hakuna anayeelewa. Dawa yao ilikuwa kwamba mtumaji ambaye habari yake haikufika angoje kitambo, kila mmoja kitambo chake, kisha aseme tena. Metcalfe aliichukua hekima hiyo, akaitia ndani ya waya badala ya hewani, akaitengeneza vizuri zaidi, akaiita Ethernet. Mwaka 1980 kampuni tatu, Digital, Intel na Xerox, zilikubaliana juu ya namna moja ya kuitumia, na mwaka 1983 ikawa kanuni rasmi ya wahandisi. Hata leo, kompyuta ikichomekwa waya wa mtandao, lugha izungumzwayo ndani ya waya huo ni hiyo hiyo, ingawa imekua na kuongezewa mwendo mara nyingi mno.

Lakini katika siku zile waya ulikuwa mmoja, wote wameungwa juu yake, na kila neno lilisikiwa na wote. Baadaye kikaja kisanduku kiitwacho habu. Kwa macho hutaweza kukitofautisha na swichi: nacho kina matundu na vitaa. Ila habu haina akili. Ni kama mpiga mbiu wa kijiji. Ukimpa ujumbe wa mtu mmoja, yeye ausimamia barazani na kuutangaza kwa wote. Mwenyewe atausikia, na wasiohusika nao watausikia. Na wapiga mbiu wawili hawawezi kupaza sauti saa moja. Ndiyo sababu habu ikiwa na kompyuta nyingi kazi huwa nzito kama kuvuta gogo. Siku hizi habu hazinunuliwi tena madukani kwa kazi hii, lakini zimo bado katika makabati ya watu; ukipewa moja kwa bei ya urafiki, iache.

Swichi ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1990 kampuni ndogo ya California iitwayo Kalpana ilitoa swichi ya kwanza ya Ethernet kuuzwa, yenye matundu 7. (Miaka minne baadaye kampuni hiyo ilinunuliwa na Cisco, ambayo jina lake utaliona juu ya visanduku vingi.) Swichi si mpiga mbiu. Swichi ni karani. Na kwa kuwa mimi mwenyewe ni karani, hapa niacheni nieleze polepole.

Tuseme wamenipa kazi ya kugawa barua za vijiji 8. Kila kijiji kina mfuko wake. Mimi ni mgeni, simjui hata mtu mmoja. Asubuhi ya kwanza, katika mfuko wa kijiji cha 3, yatoka barua: Juma amwandikia Anna. Kabla ya kufanya lolote natazama jina la mwandikaji, si la mwandikiwa. Barua ya Juma imetoka mfuko wa 3. Basi naandika katika daftari langu: Juma yuko kijiji cha 3. Ama huyo Anna simjui aliko. Nifanyeje? Nanakili barua mara 7, natia nakala moja katika kila mfuko, isipokuwa ule wa 3 ilikotoka. Wasio Anna watazitupa. Anna mwenyewe ataisoma na kujibu, na jibu lake litatoka, tuseme, katika mfuko wa 5. Naandika tena: Anna yuko kijiji cha 5. Tangu saa hiyo, barua za Juma na Anna zapita kati ya mfuko wa 3 na wa 5 tu, na vijiji vingine havisumbuliwi. Tena wakati huo huo watu wa kijiji cha 1 na cha 7 waweza kuandikiana bila kungoja zamu.

Hivyo ndivyo swichi ifanyavyo, haikosi hata nukta. Hakuna mtu aliyeifundisha majina. Yajifunza yenyewe kwa kutazama ni nani asemaye kutoka tundu gani. Matundu hayo mafundi huyaita poti. Barua huitwa fremu. Nayo kwa kawaida haichukui mzigo uzidio baiti 1500, kwa hiyo picha moja ya kawaida ya simu, ya megabaiti 3, hukatwa vipande zaidi ya 2000 na kuunganishwa tena huko ifikako. Jina la mwandikaji na la mwandikiwa huitwa anwani ya MAC. Kila kompyuta hutoka kiwandani na anwani yake, yenye tarakimu na herufi 12, na nusu yake ya kwanza huonyesha ni kiwanda gani kilichoitengeneza. Daftari la karani nalo si la milele: mtu akinyamaza kwa muda, mara nyingi sekunde 300, jina lake hufutwa, kwa maana huenda amehama.

Sasa turudi kwa waya wangu.

Zipo barua ambazo hazina mwandikiwa mmoja. Ni matangazo kwa wote. Kompyuta ikitaka kumjua mwenzake aliko, hutangaza: "Nani hapa ni fulani?" Karani akipata tangazo, desturi yake ni ile ile: anakili na kutia katika kila mfuko isipokuwa ule lilikotoka. Haya, fikiri mjinga mmoja ameshona mfuko wa 3 na mfuko wa 8 chini kwa chini, hata kila kitu nikitiacho katika wa 3 chatokea wa 8, na nikitiacho katika wa 8 chatokea wa 3. Tangazo moja laja kutoka kijiji cha 1. Nalitia katika mifuko yote. Kufumba na kufumbua, nakala ya mfuko wa 3 yatokea mfuko wa 8 kama barua mpya. Mimi karani mwaminifu nainakili tena kwa wote. Yatokea tena. Na ile nyingine yazunguka upande wa pili vile vile. Sitapumzika. Na daftari langu laharibika: mtu niliyemwandika yu kijiji cha 1, barua yake yaonekana yatoka cha 8, mara cha 3, nafuta na kuandika, nafuta na kuandika.

Katika swichi mambo hayo hayaendi kwa mwendo wa miguu. Waya mmoja wa mwendo wa megabiti 100 waweza kupitisha fremu ndogo zaidi ya 148,000 kwa sekunde moja. Na fremu haina hesabu ya safari zake. Barua zinazokwenda mbali, kwenye intaneti, zina namba inayopunguzwa kila zipitapo kituo, hata ikifika sifuri barua hufa. Fremu haina hiyo. Itazunguka mpaka mtu achomoe waya au umeme uzime. Mafundi huita hali hiyo dhoruba ya matangazo. Mimi niliileta kwa kupenda usafi.

Usidhani jambo hili ni la washamba peke yetu. Mwanamke mmoja wa Marekani, Radia Perlman, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital, alitafuta dawa yake mwaka 1985. Alifanya swichi zipelekeane habari zenyewe, zichague moja kuwa shina, kisha zifunge kila njia ya ziada, hata kutoka swichi yoyote kwenda nyingine ibaki njia moja tu, kama vile mdudu juu ya mti asivyo na njia mbili za kwenda kutoka tawi hili hata tawi lile. Njia iliyo wazi ikikatika, moja katika zile zilizofungwa hufunguliwa. Yeye mwenyewe alitunga na shairi fupi la Kiingereza kuieleza kazi hiyo. Kanuni yake yatumika duniani kote. Lakini swichi ndogo za bei rahisi, kama ile yetu, mara nyingi hazina kanuni hiyo ndani.

Na hata penye kanuni hiyo, watu huweza kuizidi. Tarehe 13 Novemba 2002, katika mji wa Boston, hospitali kubwa ya Beth Israel Deaconess ilipoteza mtandao wake. Kwa miaka mingi walikuwa wakiongeza swichi juu ya swichi, jengo kwa jengo, kila mmoja akiunga palipo karibu naye. Kanuni ile ya mti ilikuwa imepimwa kwa njia zisizopita swichi 7 mfululizo; wao walikuwa wamezidisha. Siku moja programu ya mtafiti mmoja ikamwaga habari nyingi mno katika nyaya, swichi zikashindwa kukumbukiana, mti ukavunjika, na mizunguko ikaanza. Wakizima hapa, kule kwawaka. Kwa siku 4 hospitali ilirudi kwenye karatasi. Maagizo ya waganga yakaandikwa kwa kalamu, na majibu ya maabara yakachukuliwa kwa miguu kutoka wodi hata wodi. Vijana waliokuwa hawajapata kuandika hati ya dawa kwa mkono walifundishwa na wazee waliokumbuka. Mkuu wa kompyuta wa hospitali hiyo, Dakta John Halamka, hakulificha jambo. Alilisimulia waziwazi ili hospitali nyingine zijifunze. Huyo nilipomsikia nilipata nguvu kidogo ya kusema habari yangu.

Basi, haukupita mwezi, shule ikajenga darasa jipya upande wa pili wa uwanja, na kamati ikataka kompyuta 12 huko. Fundi yule yule akaleta karatasi ya makadirio. Wajumbe waliisoma kama waisomavyo karatasi ya mganga: kwa heshima, bila kuelewa. Imeandikwa "swichi poti 24, gigabiti, PoE, ya kuongozwa" na chini yake "waya Cat 6, mita 140". Mzee mmoja alifurahi sana, akasema kwamba kwa swichi ya matundu 24 intaneti ya shule itakuwa na nguvu mara tatu.

Hapana. Hilo ndilo kosa la kwanza, nalo ni la watu wengi. Swichi haileti intaneti. Swichi huunganisha walio ndani ya uwanja mmoja. Mtandao huo huitwa mtandao wa ndani. Anayefungua lango la kwenda nje ni chombo kingine kiitwacho ruta. Intaneti yafika nchini kwa njia nyingi, na tangu mwaka 2009 hasa kwa nyaya za faiba zipitazo chini ya bahari na kutua Mombasa na Dar es Salaam; kutoka huko yasambazwa na makampuni mpaka kwenye mnara, kutoka mnara mpaka kwenye ruta yako. Ruta hutumia anwani nyingine, iitwayo IP, ambayo yaandikwa kwa namba nne, kama 192.168.1.20. Anwani ya MAC ni kama jina la mtu. Ya IP ni kama kijiji na nyumba akaayo, nayo yabadilika akihama. Kinachowachanganya watu ni kwamba ruta ndogo za nyumbani hubeba kazi tatu katika ganda moja: ruta, swichi ya matundu 4, na redio ya waifai. Mtu aona kisanduku kimoja, adhani ni kitu kimoja. Ukinunua swichi ya matundu 100 na intaneti yako ni nyembamba, itabaki nyembamba vile vile, ila sasa wataigawana watu wengi zaidi.

Nilikaa na mpwa wangu jioni mbili mezani, karatasi ile mbele yetu. Gigabiti, alisema, ni mwendo: megabiti 1000 kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8, basi usitarajie megabaiti 1000. Bei yake siku hizi si kubwa, mkubali. Matundu 24 kwa kompyuta 12 ni mengi. 16 yatosha na ya akiba yabaki. PoE maana yake ni swichi kupeleka umeme ndani ya waya ule ule wa habari, desturi iliyoanza rasmi mwaka 2003, nayo ni nzuri sana kwa kamera za ulinzi na redio za waifai zifungwazo juu darini mahali pasipo soketi. Ninyi mna kamera? Hatuna. Basi mwalipia nini?

Kwa "kuongozwa" nilikuwa tayari kukata, kwa kuwa nani atakayeiongoza? Hapo alinizuia. Swichi isiyoongozwa yachomekwa na kufanya kazi, basi. Ile ya kuongozwa fundi aweza kuiamuru. Yaweza kuzuia mzunguko kama ule niliousababisha, maana ndani yake mna ile kanuni ya mti. Tena yaweza kuligawa sanduku moja kuwa kama masanduku mawili yasiyojuana, na jambo hilo huitwa VLAN. Kompyuta za wanafunzi upande mmoja, na ile ya hesabu za shule upande mwingine. Mimi niandikaye hesabu hizo, na nijuaye vidole vya vijana wa kidato cha tatu, sikuhitaji kushawishiwa zaidi.

Kisha akaweka kidole chake juu ya mita 140, akanyamaza.

Waya wa shaba wa mtandao, ule wenye nyaya ndogo 8 zilizosokotwa mbili mbili, umepimwa kwa mita 100 tu. Ukizidi hapo, habari huanza kupotea njiani. Leo yafika, kesho haifiki, na fundi ataitwa kila mwezi. Tena waya wa shaba upitao nje kati ya majengo mawili wakaribisha radi, na huku kwetu masika hayana mchezo: radi ikipiga karibu, umeme wake waweza kuufuata waya mpaka ndani ya kila chombo kilichochomekwa. Kwa safari kama hiyo hutumika faiba, uzi wa kioo upitishao mwanga badala ya umeme. Mita 140 kwake si kitu, na radi haiuoni. Ila ni lazima swichi za pande zote mbili ziwe na tundu lake maalum, au viwekwe vigeuzi vya kuubadili mwanga kuwa umeme.

Kamati ilipokutana niliomba kusema kabla ya mambo mengine. Nikaweka ile swichi ya zamani juu ya meza, nikaiwasha, nikawasimulia habari ya Jumamosi ile tangu ufagio mpaka pikipiki ya mwalimu mkuu. Mama mmoja, ambaye watoto wake wawili bado wakalia matofali darasani, aliniuliza bei ya madawati tuliyopoteza. Nikamtajia. Hakuniambia neno, akaandika katika daftari lake.

Fundi naye alikuwapo. Tulimwuliza kwa upole juu ya mita 140. Alikuna kichwa, akasema kwamba kwingine amefanya hivyo na haikuleta neno, kisha akasema atakwenda kupiga hesabu upya. Kwa kweli sidhani alitaka kutuibia ile mara ya kwanza; nadhani naye aliona vitaa vikipepesa vibaya, akabadilisha kisanduku, kikafanya kazi, akaamini alivyoamini. Wiki iliyofuata alileta karatasi ya pili: swichi ya poti 16, ya kuongozwa, bila PoE, na faiba mita 150 katika bomba la kuzikwa chini. Kwenye swichi bei ilipungua, kwenye faiba ikapanda, hata jumla ikawa kubwa kuliko ya kwanza.

Kamati ilibishana saa nzima, kisha ikakubali. Swichi ya zamani tumeiweka katika chumba cha walimu, ambako yahudumia kompyuta 2 na printa. Kila waya sasa una kikaratasi chenye jina la chombo chake kwenye ncha zote mbili, na ule wa kompyuta iliyorudi kutoka mjini nimeukata ukawa mfupi, haufiki tena sakafuni.